Kabla ya kumlaumu mtoto, tazama alipowekwa

Bila shaka umewahi kumsikia mzazi akimkaripia mwanawe kwa kumlinganisha na mwana wa mwenziwe. "Mbona binamu yako amekuwa nambari tatu nawe umeshika mkia? Kwani yeye ana vichwa viwili?" Mtoto huinamisha uso asiwe na la kujibu. Wala hakuna anayemwuliza lile swali lifaalo: Huyo binamu hulala wapi, huamka saa ngapi, na husomea wapi?

Chukua mfano wa watoto wawili wa ukoo mmoja hapa Nairobi. Wa kwanza anaishi na watu sita katika chumba kimoja, juu ya baa isiyozima muziki mpaka usiku wa manane. Stima ikipotea, kitabu kinafungwa. Maji yakikosekana, yeye ndiye wa kubeba mtungi. Wa pili ana meza yake na taa yake, na shule iko hatua chache kutoka langoni. Muhula ukiisha, wote wawili hufanya mtihani mmoja, wenye maswali yale yale na dakika zile zile. Kisha sisi wazazi twasema huyu ana akili na yule ni mvivu!

Sisemi kwamba uvivu haupo. Upo, tena mwingi. Lakini mkulima akiona mahindi yake yamenyauka, huchunguza udongo kabla ya kuilaumu mbegu.

Na tukitaja udongo, jiji letu lina kisa chake. Reli ilipofika Nairobi mwaka wa 1899, wakubwa wa reli waliwekwa mlimani, penye hewa safi na mahali ambapo maji hayatuami. Wafanyakazi wa chini wakabaki tambarare. Baadaye rangi ya ngozi ikawa ndiyo kipimo. Wazungu walipewa magharibi, kwenye udongo mwekundu na miti. Wahindi wengi walikaa Parklands na Ngara. Waafrika walipelekwa mashariki, kwenye udongo mweusi unaonata mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Pumwani ilitengwa kwa ajili yao mwanzoni mwa miaka ya 1920. Vyumba vingi walivyojengewa wafanyakazi siku hizo vilimfikiria mwanamume mmoja aliyekuja kufanya kazi na kurudi kwao, si baba, mama na watoto.

Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1963, ukuta wa rangi ulianguka, na kodi ya nyumba ikashika zamu. Lakini miti, barabara na shule hazikuhama. Kwa hivyo mtoto anayekulia katika chumba cha watu sita hakuwekwa humo na upungufu wa akili. Kuna mtu aliyechora mstari kwenye ramani kabla babu yake hajakanyaga jijini.

Huenda ukasema haya ni maneno tu. Marekani waliyapima. Kuanzia mwaka wa 1994, serikali yao ilichukua familia 4,604 maskini katika miji mitano, ikiwemo Chicago na New York, ikazipigia kura ya bahati. Baadhi zilipewa hati ya kusaidiwa kodi kwa sharti kwamba zihamie mtaa usio na ufukara mwingi. Nyingine zilipewa hati bila sharti hilo, na nyingine hazikupewa hati yoyote. Kwa kuwa ni kura iliyoamua, hakuna aliyeweza kusema kwamba waliohama walikuwa wazazi wenye bidii kuliko wenzao.

Miaka ilipita. Mapato ya wazazi waliohama hayakupanda, ingawa afya yao na utulivu wa moyo viliongezeka. Wengi wakadhani mpango ule umeambulia patupu. Ndipo mwaka wa 2015 wasomi watatu, Raj Chetty, Nathaniel Hendren na Lawrence Katz, walipowatazama wale watoto wakiwa wamekuwa watu wazima. Waliohamia mitaa bora kabla ya kufikisha miaka 13 walikuwa wakipata karibu asilimia 31 zaidi ya wenzao ambao familia zao hazikupewa hati. Pia walioingia chuoni miongoni mwao walikuwa wengi zaidi. Lakini waliohama wakiwa wamepita umri huo hawakufaidika. Pengine hata walirudi nyuma kidogo, kwa kung'olewa kutoka kwa marafiki na shule waliyoizoea.

Wahenga wetu hawakuhitaji kura ili kulijua hilo. Walisema samaki mkunje angali mbichi.

Najua utaniuliza, "Kodi ya kuhamia huko nitaitoa wapi?" Swali ni la haki, na wengi wetu hatuna jibu. Lakini ikiwa una uwezo wa kuchagua, hata kidogo, chagua mapema. Watoto wakiwa wadogo, heri chumba kimoja mahali patulivu karibu na shule nzuri kuliko vyumba viwili na makochi mapya juu ya baa. Mtoto akishabaleghe, fikiri mara mbili kabla ya kumhamisha shule kila mwaka.

Usipoweza kuhama, mhamishe mtoto kwa saa mbili tu kila siku. Maktaba ya McMillan ina matawi Kaloleni na Makadara. Kanisa au msikiti wa jirani huenda una chumba kinachokaa bure jioni. Nyumbani, zima televisheni umwachie meza. Na ukienda shuleni, mwulize mwalimu mwanao huketi wapi darasani. Wako watoto wanaoitwa wajinga kwa sababu tu wako nyuma kabisa na hawaoni ubaoni. Tena, mwakilishi wa wadi akija kuomba kura, mwulize kuhusu taa za barabarani na maktaba kabla ya kumpigia makofi.

Nanyi wanafunzi, neno moja. Uliyewekwa pazuri, usijivune mbele ya mwenzako kana kwamba meza na taa ulijinunulia. Uliyewekwa pabaya, usikate tamaa. Ulipowekwa ni mahali pa kuanzia, si gereza, na wengi wametoka humo. Ila wametoka kwa kupanda mlima ambao wengine waliwekwa juu yake tangu kuzaliwa.

Basi mzazi mwenzangu, ripoti ya shule ikija muhula huu, usianze na binamu. Keti na mwanao umwulize, "Unasomea wapi, na ni nini kinachokusumbua hapo?" Kisha umsikilize mpaka amalize.