Mhadhiri Hakatai Mchezo, Amenyimwa Saa

Anayedai kwamba wahadhiri wa Sydney hawataki kufundisha ujasiriamali kwa michezo kwa sababu ni wagumu kubadilika amewaonea. Angesoma mikataba kwanza. Vyuo vikuu vya Australia vinategemea mno walimu wa muda, na kwa kanuni za ajira huko, malipo ya semina ya saa moja huhesabu saa mbili tu za kazi ya ziada, maandalizi yakiwemo. Saa mbili! Mchezo wa soko wenye wateja, mtaji na hasara hautungwi kwa muda huo. Hawa si waoga, wamepiga hesabu.

Na kusema alama na beji za mchezo huzaa wajasiriamali ni hoja dhaifu zaidi. Mike Cannon-Brookes na Scott Farquhar, waliokutana Chuo Kikuu cha New South Wales, walianzisha kampuni ya programu ya Atlassian mwaka 2002 kwa deni la kadi la dola 10,000. Deni halifutwi kwa kuanza mchezo upya.

Michezo yenye maana ipo. Ule wa mbunifu Elizabeth Magie, uliopata hataza Marekani mwaka 1904, ulionyesha jinsi kodi ya pango inavyomtajirisha mwenye ardhi. Mwanauchumi Scott Nearing aliutumia kufundishia uchumi Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Vyuo vya Sydney vikitaka wa aina hiyo, viwalipe walimu muda wa kuutunga na kuujaribu kabla muhula haujaanza.