Wasee wa Subaru, Herufi H Haitawaokoa

Kuanzia Bungoma mpaka Kitale swali ni lile lile: "Buda, nafungua EJ20, niweke konrodi za H ama za I?" Nasema bila kuogopa mtu: hilo ni swali la mtu anayenunua picha. Mnaambizana "za H ni kali" utadhani herufi ndiyo inashika pistoni.

Halafu kuna lile neno forjidi. Muuzaji akiliandika kwa boksi, macho yanawatoka. Forjidi maanake chuma kimefuliwa, kama jembe la mhunzi. Hata konrodi zilizotoka kiwandani na EJ yako zimefuliwa. Kwa hivyo unatoa zilizofuliwa Japani na zikapimwa, unaweka zilizofuliwa na mtu ambaye hata jina lake hataki liandikwe kwa boksi. Na doh umelipa.

Hebu hesabu kidogo, msikimbie. EJ20 ina stroku ya milimita 75 na konrodi ya milimita 130.5. Ukifika RPM 7,000, pistoni ikigonga kilele lazima isimamishwe na irudishwe chini. Chukua pistoni na pini yake kama nusu kilo: inavuta konrodi kama mzigo wa kilo 1,300 hivi. Peleka 8,000, inakuwa kama 1,700. Umeongeza mzunguko kwa sehemu moja ya saba tu, mvuto umepanda karibu theluthi. Na kwa mvuto huo, wakati mbaya si ule wa mlipuko. Ni pale valvu za eksosi ziko wazi, moshi unatoka, na juu ya pistoni hakuna presha ya kuizuia.

Sasa niambie, kwa huo mzigo wote, ni nini inazuia konrodi isiachane na kranki? Ni kifuniko na boliti mbili. Mbili tu. Lakini sijasikia mtu akiniuliza boliti!

Manze, hapa ndipo ninakasirika. Nimeona boliti za zamani zikirudishwa, zimepakwa oili kidogo, zimekazwa na spana ya kawaida "mpaka ilie". Boliti ya konrodi hufanya kazi kwa kuvutika, kama springi. Usipoivuta ya kutosha, kifuniko kinapumua kila mzunguko na boliti inachoka. Ukiivuta kupita kiasi, hairudi tena. Ndiyo maana ARP wanakuandikia kwa karatasi boliti ivutike kiasi gani, na ni kitu cha kupima kwa maikromita, mara nyingi kama milimita 0.15. Spana ya toki ni ya pili kwa ubora. Kifua cha fundi hakimo kabisa kwa hiyo orodha.

Na zile kopi za bei ya chini, si nasema zote ni takataka. Nasema huwezi kujua kwa kuangalia, na rangi ya kung'aa haikuambii kitu. Zipime moja moja kwa mizani ya dijitali, uone kama zinakaribiana kwa gramu. Kisha zipeleke kwa wale wanaorebo bloku na kusaga kranki, wakaze kifuniko na wapime tundu la chini kama ni duara kweli na kama linatoshana na beringi. Tundu likiwa yai, beringi italiwa hata konrodi ikiwa imeandikwa H kubwa kama jumba.

Mtasema, "Wewe unataka tununue vitu vya mabwenyenye." Kinyume kabisa. Wengi wenu hamhitaji konrodi mpya! Ukibaki chini ya 7,000 na busti ya kiasi, konrodi za kiwandani si ndizo zitakufa kwanza. Kwa EJ25 ya turbo, pistoni ndizo hupasuka pale kwa kingo za ringi, kwa sababu injini imenoki ikitumia petroli isiyofikia ile iliyotuniwa. Japani kuna petroli ya okteni 100. Yetu ya kawaida haifiki hapo, na gari halijali umebandika stika gani.

Halafu oili. Beringi ikishakatika, vipande vya chuma vinasafiri mpaka kwa kula ya oili na mabomba ya turbo. Mtu anaweka konrodi mpya, kula ni ile ile, na bomba la kunyonya oili ni lile lile ambalo kwa hizi EJ linajulikana kwa kupasuka pale lilipounganishwa. Wiki mbili, noki imerudi. Anayetukanwa ni nani? Fundi, aliyeambiwa "funga tu, pesa imeisha".

(Na wewe uliyeshusha filta ya hewa chini ya bampa, kisha unapita kwa madimbwi ya Khasoko mwezi wa nne: maji hayabanwi. Injini ikiyanywa, konrodi yoyote inakunja, hata ya helikopta.)

Kama kweli unataka nguvu, anza kwa kusema RPM ngapi na busti kiasi gani. Ukienda juu kwa mzunguko, tafuta pistoni nyepesi na boliti za maana. Ukitaka busti nzito kutoka chini, hapo ndipo konrodi nene ina kazi, kwa sababu busti husukuma na kukunja. Mambo ya H na I yanakuja baada ya hayo.

Najua kuna mtu atasema nimekuja kuharibu raha. Konrodi ikikatika kwa kasi inatoboa bloku, oili inamwagikia eksosi yenye moto, magurudumu yanaweza kukwama. Na sisi hatukimbizi kwa uwanja. Tunakimbiza barabara ya Malaba, kati ya trela, trakta za miwa na boda imebeba watoto watatu wa shule. Wao hawakuchangia hiyo injini.

Kwa hivyo kama una seti iko bado kwa boksi hapo Kimaeti, usifunge Jumamosi hii. Toa boliti moja, soma kilichoandikwa kwa kichwa chake. Kama hakuna kitu, muulize aliyekuuzia ni za nani, na usikize vile atajibu.