Waavukaya: Amani ya Sudan Kusini Ipimwe kwa Jamii Ndogo

Amani ya Sudan Kusini inapozungumzwa, masikio yetu yamezoea majina machache: Wadinka, Wanuer, Wazande. Ni nadra kusikia habari za Waavukaya, wakulima wa pande za Maridi na Tore huko Ekuatoria, ambao ndugu zao wanaishi ng'ambo ya mpaka, katika eneo la Faradje nchini Kongo. Kwa lugha, wana undugu na Wamoru, Walogo na Walugbara.

Historia yao ni ya watu walioamuliwa na wengine. Katika karne ya 19 walisukumwa na upanuzi wa tawala za Kizande. Mwaka 1894 Uingereza na Mfalme Leopold II walikubaliana kwamba mpaka ufuate mgawanyo wa maji ya Nile na Kongo. Hivyo jamii moja ikawekwa chini ya bendera mbili. Mwaka 1928, mkutano wa Rejaf ulipoteua lugha kuu za kufundishia Sudan Kusini, Kizande na Kibari vilikuwemo, Kiavukaya hakikuwemo.

Majeraha ya karibuni yangali mabichi. Siku ya Noeli mwaka 2008 waasi wa LRA waliishambulia Faradje na kuua watu wengi. Mwaka 2016 vita vilienea Ekuatoria, na maelfu ya wakazi wake wakakimbilia Uganda na Kongo.

Mwezi Februari 2023, Baba Mtakatifu Fransisko alifika Juba kama mhujaji wa amani, akiandamana na viongozi wa Kanisa Anglikana na Kanisa la Uskoti. Sasa nchi hiyo imepanga uchaguzi Desemba 2026. Twaona hatari moja: kugawana madaraka kati ya wenye idadi na silaha kukaitwa amani, ilhali mkulima wa jamii ndogo hajarudi shambani mwake.

Kanisa limekwisha kusema juu ya jambo hili. Katika ujumbe wa Siku ya Amani Duniani wa mwaka 1989, Mtakatifu Yohane Paulo II alifundisha kwamba anayetaka kujenga amani aheshimu jamii za walio wachache. Heshima hiyo ina sura inayoonekana: ardhi, usalama, na lugha ya mama shuleni na kanisani.

Waamini wapendwa, tunapoiombea Sudan Kusini, tuwataje na hawa. Na mkimbizi akiketi nasi katika jumuiya ndogondogo, tumwulize anasali kwa lugha gani, kisha tumpe nafasi asali kwa lugha hiyo.