Ule ugonjwa haujalala
BARUA KUTOKA WAMAZA
Na Salumu Kitenge

Juma lililopita nilishikwa na homa, nikaenda kituo cha afya, muuguzi akanitoboa kidole. Tukakaa tunakitazama kile kibao cheupe cha kupimia malaria. Mstari wa kwanza ukatokea. Wa pili ukakawia, kisha nao ukajichora, hafifu. Nikasema alhamdulilahi kwa sauti. Muuguzi alishangaa, na ana haki: malaria inatuzikia watoto, nani wa kuishukuru?

Mimi. Nilipokuwa na miaka saba taya langu la kushoto lilivimba, meno ya nyuma yakaanza kucheza. Mama alidhani ni jino bovu. Hazikupita wiki nyingi uvimbe ukawa umelisukuma jicho. Nikapelekwa hospitali ya mbali, siku baada ya siku za matope, nikatiwa dawa mshipani, nywele zikaisha, hata wali wa mawese nikawa siutaki. Nikapona. Leo nina miaka 23 na nafundisha watoto wa darasa la tatu.

Lakini hadi hivi karibuni, kila alfajiri, kabla sijanawa uso, vidole vilikwenda vyenyewe chini ya taya. Ulimi unahesabu meno. Nikigusa kitezi kama punje ya harage, siku hiyo imekwisha. Nashika chaki mkono wa kulia, wa kushoto uko shingoni, na watoto wameshajua kwamba leo mwalimu hasikii.

Watu wa kwetu hawakunisaidia. Tangu utotoni nasikia wakinong'ona: ugonjwa kama ule hautoki, unalala. Neno hilo nimelala nalo miaka kumi na sita.

Nimetafuta kuujua ugonjwa wenyewe. Ni saratani, na jina lake ni limfoma ya Burkitt, kutokana na Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Mulago, Kampala, akaandika habari zake mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu, wakasafiri kama kilomita 16,000 hadi kusini mwa Afrika, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine na picha za watoto wenye mataya kama langu, wakiuliza: mmewahi kuona hii? Majibu yakachora ramani, na ramani ile ikaangukia palepale penye joto na mvua, kwenye mbu wa malaria. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake huko London wakakuta kirusi ndani ya seli za uvimbe zilizotoka Uganda. Kirusi hicho karibu sote tunacho. Malaria ya mara kwa mara ndiyo inayomdhoofisha mtoto hadi kipate mwanya.

Basi fikirini: anayepona ugonjwa huu anarudi kuishi chini ya mbu walewale. Homa haiishi, na kila homa inamrudisha kitandani kule; ndiyo maana nilipoona ni malaria tu nilishukuru. Msimwambie anawaza sana.

Jambo ambalo lingeniokoa miaka mingi ni hili. Uvimbe wa Burkitt hukua mbio kuliko karibu saratani zote za binadamu. Ukubwa wake unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kwa hiyo ukirudi, kwa kawaida hurudi mapema, ndani ya mwaka wa kwanza au wa pili. Baada ya hapo ni nadra sana. Haulali. Hauna tabia hiyo. Nilikuwa nimekwisha kupona kabla sijatimiza miaka kumi, na hakuna aliyeniambia.

Siku ya kuruhusiwa Mama alipewa mkono wa kwaheri, basi. Hakuna karatasi. Mpaka leo sijui nilitiwa dawa zipi, na hilo si dogo, kwa maana baadhi ya dawa za saratani huchosha moyo miaka mingi baadaye, na daktari anayenipima leo hana pa kuanzia. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2018 kwamba ifikapo 2030 watoto wasiopungua asilimia 60 wenye saratani wawe wanapona, na Burkitt ni mojawapo ya saratani sita zilizotangulizwa. Naliombea lengo hilo usiku na mchana. Lakini hao watakaopona, jamani, wapeni ukurasa mmoja: jina la ugonjwa, dawa na vipimo vyake, tarehe ya mwisho, dalili za kuwarudisha hospitali. Na mzazi amsomee mtoto akishakuwa na akili ya kuelewa. Mama yangu alinificha jina kwa huruma. Nami nikajua kwamba kisichotajika lazima ni kibaya kuliko nilichokiona.

Siku hizi tumepatana, mimi na Mama. Shingo naigusa tarehe mosi tu. Nikikuta kitezi naandika katika daftari, naendelea na kazi. Kikikua siku hadi siku, au kikimaliza majuma mawili bila kupungua, naenda kuonwa. Tarehe nyingine vidole vikipanda, Mama akiwa karibu huniita jina na kunipa kitu cha kushika. Jana alinipa ungo wa mchele nichague mawe. Nimechagua hadi adhuhuri.