Je, Ulipe Ili Yaishe?

Mtahiniwa, tuseme umepanga chumba Tarime mjini au Mugumu, na mkataba wa pango unakupa nafasi ya kuegesha pikipiki uani. Asubuhi mtu anakudai ada ya maegesho. Wapo wasemao ulipe ili yaishe, kwani shilingi elfu moja si ya kugombania. Sikubaliani nao. Ibara ya 138 ya Katiba ya mwaka 1977 hairuhusu kodi yoyote bila sheria. Ada ya mtu binafsi nayo hutokana na makubaliano. Pasipo sheria wala makubaliano, hakuna deni. Kwa hiyo usitukane wala usipigane: dai stakabadhi, onyesha mkataba, kisha mwandikie mtendaji wa mtaa barua ya malalamiko. Ukilipa kimya leo, kesho atadaiwa jirani.