KODI YA MIEZI SITA, NA PAA LAVUJA



Kila masika wanafunzi wa vyuo vikuu huja dukani kwangu kununua ndoo. Si za kuogea. Ni za kukingia maji yashukayo darini usiku, juu ya vitabu na magodoro. Muuza ndoo nafaidi, lakini sioni baraka katika faida hii.

Aghlabu yao ni vijana watokao Pemba na mashamba, waliokuja kusoma Mjini na Tunguu, nao hupanga chumba kimoja wawili au watatu. Mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi sita, pengine ya mwaka mzima, kabla hajatoa ufunguo. Hapo ndipo penye ila. Kijana aliyekwisha kutoa fedha zake zote hana tena la kumshurutisha mwenye nyumba, akilalamika huambiwa, "Kama huwezi, hama." Ahamie wapi, na kwa fedha ipi, ilhali mitihani imekaribia?

Ama hukumu ya ijara haina utata. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ambaye Mashafii wa pwani yetu humtegemea, ameeleza katika Minhaj kwamba kuitengeneza nyumba ni juu ya mwenye kuikodisha. Akifanya haraka, vyema. Asipofanya, mpangaji ana khiari ya kuuvunja mkataba. Kufagia taka za uani ndiko kulikoachiwa mpangaji. Hata Waingereza, kwa sheria yao ya mwaka 1985, humlazimisha mwenye nyumba, katika upangaji usiofika miaka saba, kutengeneza paa, kuta, mabomba ya maji na nyaya za umeme, wala hawezi kuukwepa wajibu huo kwa maneno ya mkataba. Kijana akivunja kioo, alipe kioo. Paa hakulivunja yeye.

Na jambo hili si la kurowa godoro tu. Nyumba za Mji Mkongwe ni za mawe na chokaa, na dari zake zimechukuliwa na boriti za mikoko. Maji yakipenya, boriti huoza pale ncha yake ilipoingia ukutani, mahali pasipoonekana, mpaka siku dari ishuke. Wako wenye kupaka saruji juu ya ufa wakaita matengenezo. Kumbe saruji huyafungia maji ndani ya ukuta wa chokaa, na ukuta ukazidi kuharibika. Beit el Ajaib, jumba la mwaka 1883, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Disemba 2020, hali mafundi wamo kazini, na watu wawili wakafa. Sembuse nyumba isiyokanyagwa na fundi miaka ishirini?

Najua udhuru wa wenye nyumba: kodi ni ndogo, na warithi ni wengi, kila mmoja ataka fungu lake. Ni kweli. Lakini mimi nikiuza mchele uliorowa, mnunuzi hanisikilizi habari za ndugu zangu.

Basi nasema na sisi wenyewe, kwani miongoni mwa wasomaji wa ukurasa huu wamo wenye nyumba za kupangisha. Twailaumu Serikali kila siku, na twafanya haki, lakini kwa hili hatuna haja ya kuingoja. Tupokee kodi ya mwezi, au ya miezi miwili. Tuandikiane karatasi yenye kutaja hali ya paa, choo na umeme siku ya kuingia, na tukubaliane humo kwamba tatizo lisipotengenezwa katika wiki mbili, mpangaji ataleta fundi na gharama itakatwa katika kodi. Pasipo idhini hiyo iliyoandikwa, alichotumia kijana huhesabiwa ni hisani yake, na hisani haidaiwi.

Mafundi wa bati na wa chokaa hupatikana kwa urahisi wakati wa kiangazi. Mvua zikianza, kila mtu huwataka siku moja.