Bima ya Safari: Maneno ya Benchi na Maneno ya Hati

Ukitaka kuona uvumi unavyogeuka kuwa sheria, kaa nusu saa kwenye benchi nje ya ofisi ya wakala wa viza. Kila mwenye bahasha ya kaki ni mtaalamu. Mmoja ana shemeji Stockholm, wa pili amenyimwa viza mara mbili, wa tatu analeta mzigo kutoka Guangzhou miaka nenda rudi. Kuhusu bima ya afya ya msafiri, hasa baada ya UVIKO-19, benchi limekwisha kukubaliana. Mengi katika waliyokubaliana si kweli.

Naanza na lile linaloumiza zaidi: kwamba bima ni karatasi ya kumridhisha ofisa wa ubalozi, kwa hiyo nunua ya bei ya chini kuliko zote. Dai hili halifi kwa sababu lina chembe ya ukweli. Kanuni ya Viza ya Umoja wa Ulaya inamtaka mwombaji wa viza ya Schengen awe na bima ya kiwango kisichopungua euro 30,000, inayotumika katika nchi zote za eneo hilo kwa siku zote atakazokaa. Ofisa akiyaona hayo, amemaliza kazi yake. Hakuulizi kama bima yako inalipa ukipatwa na ugonjwa wa mlipuko, wala kama ulipojaza fomu uliutaja ugonjwa wako wa kisukari. Kwa nini akuulize? Sharti lile linailinda kwanza hazina ya nchi unayokwenda, isije ikaachiwa bili ya mgeni. Kujilinda wewe ni kazi yako.

Na hata hicho kiwango cha chini kina mambo ambayo wengi hawayasomi. Kanuni inataka bima ilipie matibabu ya dharura, kulazwa kwa dharura, kurejeshwa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa, na gharama za kifo. Hilo la mwisho tunalipita haraka kama watu wanaopita makaburini usiku. Lakini nani mwenye ndugu ughaibuni hajawahi kuingizwa kwenye kundi la WhatsApp la kuchangia kusafirisha mwili? Mweka hazina anatuma orodha kila jioni, majina yanaongezeka, na bado pesa hazijatosha. Pengine marehemu alikuwa na bima, ila hati imelala ndani ya barua pepe ambayo hakuna anayejua neno lake la siri.

"Mimi nina NHIF." Kadi hiyo inatumika kwenye vituo vilivyosajiliwa na Mfuko, na vituo hivyo viko Tanzania. Tuendelee.

"Nimechanjwa na nimepima, bima ya nini tena?" Hapa namwelewa msemaji. Mwaka 2021 msafiri alibeba majibu ya PCR, cheti cha chanjo, fomu ya afya na bima ndani ya mfuko mmoja wa plastiki, mpaka vyote vikaonekana kitu kimoja. Lakini kipimo kinaeleza hali yako ya siku ile, chanjo inapunguza hatari ya kuugua vibaya, na bima inajibu swali la pesa: ukilazwa, nani analipa? Thailand, ilipofungua milango Novemba 2021 kwa wageni waliochanjwa, bado iliwadai bima ya dola 50,000. Awali ilikuwa dola 100,000. Mei 2022 ikashuka hadi 10,000, na Julai sharti likafutwa. Kwa hiyo anayekueleza masharti ya nchi kwa kukumbuka safari yake ya mwaka juzi, mshukuru kwa ukarimu wake, kisha nenda kaulize upya.

Wako wanaosema janga limekwisha, na sharti limekwenda nalo. Kweli, Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura Mei 2023. Ila Kanuni ya Viza ni ya mwaka 2009, wakati UVIKO haujawahi kusikika. Na si Wazungu peke yao wanaodai bima: tangu Oktoba 1, 2024, mgeni anayeingia Zanzibar hununua bima ya dola 44 kutoka Shirika la Bima la Zanzibar, hata akiwa anatoka Ujerumani. Hilo linapunguza nguvu ya dai la benchi kwamba bima ni mtego uliotegewa Waafrika. Linapunguza tu. Mmarekani haombi viza kwenda Paris kwa mapumziko mafupi, na asiyeomba viza hadaiwi bima ya Schengen. Malalamiko ya usawa yana haki yake, ila yapelekwe kwenye mlango wa viza.

Dai la upande wa pili halitoki kwenye benchi. Linatoka ndani ofisini, kwa wakala mwenyewe: "Hii inalipa kila kitu." Hakuna bima ya kila kitu. Baada ya mlipuko wa SARS mwaka 2003, kampuni nyingi za bima duniani ziliingiza vifungu vinavyoondoa magonjwa ya mlipuko. UVIKO ulipozuka, kampuni zikatumia kanuni ya zamani kabisa ya biashara yao: bima ni ya jambo lisilotazamiwa. Moshi ukishaonekana juu ya paa, hukatiwi bima ya moto. Waliokata bima baada ya habari za virusi kuenea mapema 2020, kisha wakaahirisha safari, wengi walijibiwa hivyo.

Karantini nayo ilikuwa somo peke yake. Januari 2021 Uingereza iliwazuia wasafiri kutoka Tanzania, na kuanzia Februari 15 wenye ukaazi wa Uingereza waliorudi kutoka nchi zilizozuiwa, zile za orodha nyekundu, walilazimika kukaa siku kumi katika hoteli iliyopangwa na serikali. Mtu mzima mmoja alilipa pauni 1,750. Agosti ikapanda hadi 2,285. Bima za kawaida za safari hazikuandikwa kwa ajili ya gharama hiyo. Hukuwa mgonjwa, ulikuwa mtu mzima wa afya uliyefungiwa chumbani kwa amri. Kulikuwa na walioifidia karantini: Julai 2020 shirika la ndege la Emirates lilitangaza kuwalipia abiria wake watakaokutwa na UVIKO safarini matibabu ya hadi euro 150,000, na euro 100 kwa kila siku ya karantini, kwa siku zisizozidi 14. Lakini ilikuwa ofa ya muda, na iliandikwa wazi. Kisichoandikwa usikidhani.

"Basi kampuni hazilipi kamwe." Niliwahi kuliamini hili. Nililazwa usiku mmoja nje ya nchi, nikalipa taslimu, nikarudi nyumbani na risiti zangu zimebanwa vizuri. Kampuni ikanikatalia: nilitakiwa kupiga namba ya dharura kabla ya kulazwa, nao wangezungumza na hospitali. Nililalamika wiki nzima kwa kila aliyenisikiliza. Kisha nikaifungua hati, na kifungu kilikuwapo, ukurasa wa saba, kwa maandishi ambayo hata miwani yangu ilikuwa inatosha kuyasoma.

Limebaki la "Uingereza hospitali ni bure." Katika England, kuhudumiwa kwenye kitengo cha dharura hakulipiwi, na matibabu ya UVIKO wageni hawakutozwa. Ila mgeni wa matembezi kutoka kwetu akihamishiwa wodini kwa ugonjwa mwingine, hutozwa asilimia 150 ya bei ya NHS, huduma ya afya ya taifa.

Kwa hiyo ndugu msafiri, kabla hujamlipa wakala, mwambie akupe hati nzima, si ile barua ya ukurasa mmoja ya kupeleka ubalozini. Anza kusoma sehemu ya yasiyolipwa. Taja kisukari chako na presha yako hata kama bei itapanda. Namba ya dharura iandike kwenye karatasi uiweke ndani ya pasipoti, na nakala ya hati mwachie mtu mmoja nyumbani anayepokea simu usiku.